Mpangaji katika Mji Usio na Jina: Vyumba na Mapambo katika Riwaya ya Naipaul Inayohusu Kisangani

Wahakiki walioishughulikia riwaya ya V. S. Naipaul iitwayo A Bend in the River, iliyochapishwa mwaka 1979, wamebishana zaidi juu ya siasa zake. Chinua Achebe na Edward Said ni miongoni mwa waliomshutumu mwandishi huyo kwa namna anavyozitazama jamii zilizotawaliwa na wakoloni, na ubishi huo haukunyamaza hata alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2001. Jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili ni mahali zinapotolewa hukumu hizo za kisiasa. Msimulizi wa riwaya hii huyatafakari mambo ya bara zima akiwa ndani ya vyumba vya kupanga, vilivyopambwa na watu wengine, na mara nyingi kwa ustadi wa kupendeza macho. Makala hii inakusudia kuvichunguza vyumba hivyo na kuonyesha kwamba ubora wa riwaya na udhaifu wake vinatokana navyo kwa pamoja.

Mji wa riwaya haukupewa jina. Hata hivyo, msomaji anayeijua Kongo hapati taabu kuutambua. Uko kwenye kona ya mto mkubwa, karibu na maporomoko, mahali ambapo meli zitokazo mji mkuu hukomea kwa kuwa haziwezi kupanda zaidi. Ndiyo Kisangani, iliyoitwa Stanleyville hadi mwaka 1966. Naipaul aliizuru Zaire mwaka 1975, na mwaka huohuo akachapisha insha juu ya utawala wa Mobutu. Salim, msimulizi wake, ni Mwislamu mwenye asili ya Kihindi kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki. Anakwenda bara kuendesha duka alilouziwa na Nazruddin, rafiki wa familia. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anaye hapa mwenyeji wake: mtu wa pwani aliyeifuata njia ya zamani ya misafara mpaka mwisho wake, akakuta mji ambamo Kiswahili na Lingala hukutana sokoni.

Salim anakaa katika fleti iliyokuwa ya bibi mmoja wa Kibelgiji. Bibi huyo alijidai kuwa msanii, na akayapa makazi yake sura ya karakana ya mchoraji. Ameondoka na nchi imepata uhuru, lakini mapambo yake yamebaki, pamoja na picha ya bandari ya Ulaya ukutani. Salim haiondoi. Haongezi kitu isipokuwa fujo yake mwenyewe, na analikiri hilo kwa kejeli. Naipaul hapa amefanya kazi ya hali ya juu. Kwa vitu vichache tu amemwonyesha mtu asiyeweza kukiita chumba chake kuwa chake. Mwenye picha alikuwa akiitamani kwao. Anayeitazama sasa hana kwao panapofanana na picha hiyo, na pwani alikotoka mapinduzi yamewatawanya jamaa zake. Hakuna hotuba juu ya uhamisho ambayo ingesema zaidi ya ukuta huo.

Kitenzi cha Kiswahili kupanga kina matumizi mawili yanayolihusu jambo hili moja kwa moja. Mtu hupanga vitu chumbani, yaani huviweka kwa utaratibu. Mtu hupanga pia nyumba ya mwingine, yaani hukaa humo kwa kulipa kodi. Riwaya nzima imesimama katikati ya matumizi hayo. Wahusika wake wanaopanga vyumba vyao kwa ustadi karibu wote ni wapangaji, na kadiri umiliki wao ulivyo dhaifu ndivyo ustadi wao unavyozidi.

Mfano bora ni nyumba ya Yvette na Raymond. Rais, anayeitwa Bwana Mkubwa, amejenga kitongoji cha kisasa juu ya magofu ya mtaa wa Wazungu uliofunikwa na msitu, na akakiita Milki. Ndani yake wanakaa wageni wa serikali: wahadhiri, wataalamu, na Indar, rafiki wa Salim wa utotoni. Raymond ni mwanahistoria mzungu aliyewahi kuwa mshauri wa Rais na sasa anangoja kuitwa tena. Mkewe ameigeuza nyumba ya serikali kuwa mahali pa kustarehesha macho: mikeka ya Kiafrika sakafuni, mito ya kukalia, taa zilizowekwa chini ili mwanga usiyafikie mapaa, na nyimbo za Joan Baez. Salim anaingia humo usiku na kulewa kwa uzuri wake. Baadaye anarudi mchana, naye anaona chumba cha kawaida chenye vitu vya kawaida. Mwanga wa usiku ulikuwa umefanya kazi ya fundi seremala, ya mshona mapazia na ya mwanasiasa kwa wakati mmoja.

Inafaa kuitazama mikeka ile kwa makini zaidi. Katika mitaa ya Kisangani mkeka hutandikwa uani ili mtu alale, mtoto aogeshwe, mchele uchambuliwe. Katika nyumba ya Yvette mkeka umepandishwa cheo, umekuwa pambo. Jambo kama hilo linawapata pia vinyago vya Padri Huismans. Padri huyo, mkuu wa shule ya lisee, alikuwa akivikusanya kwa kuwa aliijua dini iliyovizaa. Alipouawa safarini, kijana mmoja Mmarekani aliyejidai kuipenda Afrika akavichukua vingi vya vinyago hivyo. Msomaji anaweza kukisia ukuta uliovingoja. Kwa maneno mengine, riwaya hii iliutambua mapema mtindo wa kupamba ambao leo umeenea kila mahali penye nyumba za kale zilizokarabatiwa kwa ajili ya wageni wa siku chache: kitu cha mwenyeji kinabaki, mwenyeji anaondoka.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, unatoa mfano ulio karibu. Jumba la Mambo Msiige huko Shangani liliunganishwa na hoteli ya kimataifa iliyofunguliwa mwaka 2015. Mtaa huohuo una nyumba ya Tippu Tip yenye mlango wa nakshi, ambayo kwa miaka mingi iligawanywa na kukaliwa na familia kadhaa huku kuta zake zikichakaa. Mgeni huisifu ile ya kwanza na kuisikitikia ya pili, ingawa ni ya pili iliyokuwa bado nyumba. Hapa si mahali pa kuwalaumu wakarabati. Chokaa isipotiwa jumba la mawe ya matumbawe huporomoka, na fedha za chokaa lazima zitoke mahali fulani. Lakini jina la Tippu Tip linaturudisha Kisangani, kwani mwaka 1887 mtu huyo alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls chini ya Leopold wa Ubelgiji. Naye akaacha tawasifu yake, iliyo miongoni mwa tawasifu za kwanza za Kiswahili.

Salim hamjui Tippu Tip kama mwandishi. Anasema kwamba yote anayoyafahamu juu ya historia ya watu wake ameyapata katika vitabu vya Wazungu, na kwamba hata jahazi la kwao alijifunza kulitazama kutoka kwenye stempu ya serikali ya kikoloni. Maneno hayo yamenukuliwa mara nyingi kama ushahidi wa unyofu wake. Yanaweza pia kusomwa kama kasoro ya mwandishi wake. Maisha ya Tippu Tip yalikwisha kuchapishwa kwa Kiswahili na kwa Kijerumani mwanzoni mwa karne ya ishirini, na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley ilikuwapo kabla ya riwaya kuandikwa. Mtu wa pwani alikuwa amekwisha kuuandika mji ule kwa lugha yake, tena kwa kujiamini kwa mtu asiyejiona mpangaji hata kidogo. Mtu anaweza kuchukizwa na Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na ni haki yake. Haiwezekani kusema kwamba hakuwapo.

Tatizo kubwa zaidi limo katika maelezo ya magofu. Salim anapouona mtaa wa Wazungu uliomezwa na majani, anawaza juu ya msitu unaorudi na juu ya hasira ya watu wanaovunja kila kinachowakumbusha mgeni. Picha hiyo ina nguvu, na wasomaji wengi wameichukua kuwa utabiri. Historia ya Kisangani inaonyesha mambo tofauti. Nyumba za mji ule zina tarehe za kuharibika kwake. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliutwaa mji, na tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashuka kutoka katika ndege za Marekani. Mwaka 1967 mamluki waliasi. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kutaifishwa kwa biashara za wageni, sera ambayo katika riwaya inamkabidhi Théotime duka la Salim. Na kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mizinga katikati ya mji ambao haukuwa wao, na raia wakafa majumbani mwao. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini humo, yale ya Kisangani yakiwamo. Majani huota juu ya ukuta baada ya mtu kuubomoa. Riwaya inayaona majani vizuri mno na inamwona mbomoaji kwa nadra.

Yawezekana kujibu kwamba Salim ni mhusika, na kwamba upofu wake umekusudiwa. Jibu hilo lina ukweli fulani, kwani Naipaul humcheka Salim mara kwa mara. Lakini riwaya haina sauti nyingine inayotufikisha mahali asipofika yeye. Tunaingizwa katika fleti yake, katika nyumba ya Mahesh na Shoba, katika nyumba za Milki, na tunapokwenda London tunakuta Nazruddin amejitia katika biashara ya fleti za kupangisha huko Gloucester Road, na wapangaji wake wanamtesa. Zabeth, mchuuzi anayekuja dukani kutoka kijijini kwa mtumbwi, anakuja na kuondoka. Kijiji chake kinasimuliwa kwa mbali. Ferdinand mwanawe anatazamwa usoni kwa muda mrefu, kama vile uso ni kinyago. Kisangani ya Makiso, kitovu chenye majengo ya Kibelgiji, imo kitabuni. Mangobo, Kabondo, Tshopo na Lubunga ng'ambo ya mto, wanakokaa wenyeji walio wengi, hazimo.

Wenyeji hao hawaishi hasa chumbani. Kiwanja chenye nyumba, ambacho watu wa huko wamezoea kukiita kwa neno la Kifaransa parcelle, ndicho makazi: jiko, mti wa kivuli, kisima, wapangaji wa vyumba vya nyuma, mazungumzo ya jioni. Mtu wa pwani alipaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko Mzungu, maana kwao pia ua ndio moyo wa nyumba na sebule ni sehemu ya kumpokelea asiyekuwa wa ndani. Salim aliyekulia katika boma la ukoo lililojaa jamaa na watumwa wa nyumbani amelisahau hilo mara tu alipopanda ngazi za fleti ya bibi wa Kibelgiji.

Ua hata hivyo haumsahau. Metty, mtoto wa watumwa wa familia yao aliyeletwa kutoka pwani, ndiye anayeutumia. Kwa miaka kadhaa Salim anadhani kwamba wao wawili wana makazi mamoja, mpaka anapogundua kuwa Metty ana mwanamke na mtoto mjini. Anaumia kama mtu aliyeibiwa, na ukurasa huo ni miongoni mwa kurasa za kweli kabisa za kitabu. Baadaye, duka likiwa limetwaliwa, Salim anafanya magendo ya pembe za ndovu na kuzificha kwa kuzifukia uani. Siku moja polisi wanafika na kuchimba mahali palepale. Aliyewaambia ni Metty, ambaye alikuwa amemwomba bwana wake msaada wa kuondoka katika mji ule, asiupate.

Wahakiki wameuita usaliti huo ushahidi wa kuporomoka kwa maadili katika nchi isiyo na sheria. Yafaa kuuliza kwanza Metty alikuwa akilala wapi miaka ile yote, nani aliyempangia chumba, na mwanawe alilelewa katika kiwanja cha nani. Riwaya inajua kila kitu juu ya taa za Yvette. Juu ya maswali haya haina hata aya moja.

Kazi ya kuijibu imeanza kufanywa na wenyeji wenyewe, ingawa kwa sanaa nyingine. Faustin Linyekula, mnenguaji na mtunzi wa dansi aliyezaliwa mwaka 1974 na kukulia Kisangani, aliihamishia huko Studios Kabako mwaka 2006, akitaka pawepo katika mji ule mahali pa kufanyia mazoezi, kurekodi na kukutana. Michezo yake imejaa watu wanaorudi kutafuta nyumba, majina na wafu wao katika mitaa ambayo Salim hakuvuka kwenda.