Tergat, Gebrselassie na shingo ya farasi
Waandishi wetu wa michezo wanaoandika Kiingereza wanaupenda sana msemo "neck and neck", na wengi huuandika "neck to neck". Hiyo "to" ni kosa dogo, mhariri analifuta na maisha yanaendelea. Kinachoharibu habari ni kuutumia msemo wenyewe kutangazia matokeo.

Asili yake ni mbio za farasi. Wawili wanakwenda sambamba, shingo ya huyu usawa wa shingo ya yule, na mshindi bado hajulikani. Wakishavuka mstari kuna kipimo kingine chenye shingo ileile: "by a neck", yaani kashinda kwa urefu wa shingo. Chini ya hapo kipo kichwa, na chini kabisa pua. Kwa hiyo anayeandika "won neck and neck" anatuambia kwamba mshindi alitoka sare na aliyemshinda.

Tuupime kwa fainali ya mita 10,000 ya wanaume ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Paul Tergat alichomoka kwenye mzunguko wa mwisho, Haile Gebrselassie akamfukuzia. Kwa sehemu kubwa ya mzunguko huo hawakuwa sawa hata kidogo: Tergat mbele, Haile nyuma yake akilila pengo taratibu. Walikuja kulingana hatua chache tu kabla ya mstari, na ni hatua hizo pekee zinazoustahili msemo. Matokeo yaandikwe kwa tarakimu: Haile 27:18.20, Tergat 27:18.29. Tofauti ni sekunde 0.09, ndogo kuliko ile ya 0.12 iliyowatenganisha wa kwanza na wa pili katika mita 100 za wanaume kwenye michezo hiyohiyo. Ukiwa na namba kama hiyo mkononi, msemo wa farasi wa nini tena?

Isitoshe, kwenye riadha shingo haihesabiwi. Kinachoangaliwa ni kiwiliwili. Kwenye fainali ya mita 100 za wanaume ya Olimpiki ya Paris 2024, mguu wa Kishane Thompson ulitangulia kuvuka, lakini kifua cha Noah Lyles ndicho kilichowahi, 9.784 kwa 9.789.

Kwenye siasa mpaka ni uleule. Agosti 2022, Wakenya walipokuwa wamekodolea macho runinga huku William Ruto na Raila Odinga wakipokezana uongozi katika hesabu za kura za urais za vyombo vya habari, "neck and neck" ilikuwa mahali pake, kama ilivyokuwa kwa Kiswahili kusema wanakabana koo. Agosti 15 tume ya uchaguzi ilipotangaza asilimia 50.49 za Ruto kwa 48.85 za Raila, kazi ya msemo iliisha. Kuanzia hapo Kiingereza kina "narrow win", nasi tuna ushindi mwembamba, na habari ya kesho yake ilipaswa kuanza na hizo asilimia.