Kutoka Mlimani hadi Utende

Hongereni, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam! Mlianza 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, mkiwa na wanafunzi wachache wa sheria; 1964 mkahamia Mlimani. Mwaka 1978 mkaanzisha Unguja Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo leo ina majengo pia Buyu. Ila maabara niipendayo haina kuta. Iko hapa Utende, Mafia, kisiwa cha Chole kikiwa mbele yetu: matumbawe na nyasi za bahari ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, iliyotangazwa 1995. Msomi anayeshuka hapa humuuliza kwanza mvuvi, anayeijua bamvua tangu utotoni. Nawapenda wasomi wa namna hiyo.