Jasho la Mtungi: Kuijua Hesabu Safi ya Gesi

Mchana wa Malindi, muuza viazi karai akiacha jiko kwenye moto mkali kwa muda mrefu, mtungi wake wa gesi hutoa jasho. Kimiminika kinachemka ndani, na joto la kuchemkia kinalichota kwenye chuma, hadi kikapoa. Jasho hilo ndilo mizani yangu ninapoletewa hesabu ya baki, yaani sifa ya gesi halisi ukiondoa ya gesi kamilifu, ambayo chembe zake hazivutani, katika halijoto na shinikizo lilelile.

Tuchukue propani tupu kwenye nyuzi 30 za Selsiasi na baa 10.8, mahali kimiminika na mvuke wake hukaa pamoja. Tutumie mlinganyo wa hali wa Peng na Robinson wa 1976.

Kwanza, angalia majibu. Kigezo cha mgandamizo, Z, kinatoka mara tatu: 0.80, 0.13 na 0.04. Kubwa ni la mvuke, dogo ni la kimiminika. La katikati halina mwenyewe. Ukiliona limetumika, funga daftari.

Pili, angalia alama. Hapa chembe zinavutana, kwa hiyo enthalpi baki ni hasi: mvuke kama −31, kimiminika kama −360, kwa kilojuli kwa kilo.

Tatu, toa moja kwa nyingine. Unapata karibu 329, ambalo ni joto la uvukizaji, na majedwali ya vipimo yako papo hapo ya kulilinganisha nalo. Kosa la kawaida hufichuka hapa: nguvu ya mvutano katika mlinganyo huu hupungua halijoto ikipanda, na asiyeukokotoa mwendo huo hupata kama 232 tu.

Nne, shusha shinikizo la mvuke kuelekea sifuri. Enthalpi baki nayo lazima ife, maana chembe zikitawanyika hazina wa kuvutana naye.

Tano, kipimo cha wajuzi: nishati baki ya Gibbs ya mvuke na ya kimiminika ziwe sawa. Zikitofautiana, shinikizo alilochagua mkokotoaji silo la kuchemkia.

Desimali sita hazinibabaishi. Hesabu iliyopoteza karibu theluthi ya joto la kuchemkia, hata ingeandikwa kwa mwandiko wa dhahabu, muuza viazi ataikanusha kwa kiganja: aguse mtungi, ausikie ulivyo baridi.