Kituo cha Zimamoto cha Ng'ambo na Namna ya Kukikagua

Kituo kipya cha zimamoto kikifunguliwa, watu hutazama rangi: ukuta mwekundu, gari linalong'aa, utepe unaongoja mkasi. Mjuzi hupita kando ya hema akainama kuitazama kabro ya uwanja wa mbele. Akikuta imeanza kudidimia mistari miwili pale magurudumu yanapopita, ameshajua kwamba fundi alijengea magari ya abiria. Lita 10,000 za maji ni tani 10, na hapo hujapima gari lenyewe, pampu, ngazi wala watu. Kabro ya milimita 60 ni ya njia ya miguu na gari dogo. Ya kituo ianzie milimita 80 juu ya kifusi kilichoshindiliwa sawasawa, na ndani ya banda sakafu iwe zege nene lenye nondo. Sakafu ya vigae inapendeza kwenye picha, lakini buti lililolowa juu ya kigae, mtu anakimbia, ni mguu uliovunjika kabla ya moto kuonekana.

Hayo ni ya jengo. La kwanza hasa ni ramani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Mvita, yaani kisiwa chenyewe, ilikuwa na 154,171 tu. Kisauni ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358, Changamwe 131,882, na waliosalia wako Nyali na Jomvu. Katika kila wakazi wanane, saba wanalala nje ya kisiwa. Mji huu ulikua ukitokea kisiwani, na wengi bado tunafikiri msaada ni kitu kinachovuka: kinavuka daraja la Nyali, kinavuka Makupa, kinangoja feri ya Likoni. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya zimamoto na maafa, kwa hiyo hoja ya kwamba hilo ni jambo la Nairobi haipo tena.

Basi swali langu la kwanza kwa msanifu ni hili: siku njia ya kisiwani ikifunga, kituo chako kinabaki na nini? Kama jibu ni gari moja na tumaini la kuongezewa nguvu kutoka mjini, hicho ni tawi. Likoni haihitaji tawi. Feri zikisimama, gari zito kutoka kisiwani litazunguka Miritini, Mwache na Mteza hadi litokee Kibundani. Barabara hiyo ya Dongo Kundu ni neema kwa mizigo na watalii, ila nyumba ya makuti inayoungua Timbwani haiwezi kungoja mzunguko huo.

Wamarekani, kupitia mwongozo wao wa NFPA 1710, wanawapa wazimamoto sekunde 80 tangu king'ora kulia hadi gari kuondoka, kisha sekunde 240 gari la kwanza liwe limefika. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sekunde 240 hazifiki kilomita 3. Sasa piga hesabu hiyo jioni, feri imetoka kushusha watu Likoni, matatu zimepanga mistari mitatu penye barabara ya mistari miwili. Kiwanja kilicho karibu na kivuko kinavutia, kinaonekana na kila mtu, na ndicho kibaya kuliko vyote, kwa kuwa gari litazaliwa ndani ya foleni. Afadhali kiwanja cha nyuma kidogo chenye malango mawili yanayotokea barabara mbili tofauti. Changamwe kanuni ni hiyo hiyo, maana trela zikifunga njia ya Magongo, kituo chenye mlango mmoja kimefungiwa ndani na magari yake yote.

Kisauni ina shida yake. Ukishaacha lami Mishomoroni, Mlaleo au Bakarani, njia zinapungua mpaka tuktuk na tuktuk zinaombana nafasi. Ukikagua kituo cha huko, usiulize gari kubwa lina ukubwa gani. Uliza la pili ni lipi. Pikapu yenye tangi dogo, pampu ya kubeba na mipira mirefu ya kuunganisha itafika ambako lori jekundu litabaki barabarani likipiga honi. Banda lililochorwa kwa malori peke yake, bila nafasi ya kigari hicho, limechorwa na mtu asiyepajua.

Ukiingia bandani, tazama magari yanaingiaje. Banda zuri lina milango mbele na nyuma. Gari likirudi linaingia kwa mlango wa nyuma, linasimama likiangalia barabara, halihitaji mtu wa kulielekeza kwa mikono. Milango iwe na upana na kimo cha mita 4 na zaidi. Wasanifu wengi wa Marekani siku hizi hawataki chini ya futi 14, kwa sababu magari yanaendelea kunenepa na ukuta haunenepi. Kisha omba mlango ufunguliwe bila umeme. Shata ya mota isiyo na mnyororo wa kuvuta kwa mkono ni mtego, na stima ya Mombasa haimalizi masika bila kukatika.

Toka bandani ufuate njia ya mtu aliyelala. Hesabu milango na kona kati ya kitanda na usukani. Jiko, chumba cha mapumziko na chumba cha sala vyote vitokee bandani moja kwa moja. Nimependa mchoro mmoja uliotenga pahali pa udhu na rafu ya viatu upande wa banda, si upande wa ua. Jambo dogo, lakini mwenye kuchora alijua kwamba king'ora kinaweza kulia watu wakiwa wamesujudu. Vitanda viwe ghorofa ya chini. Nguzo ya kuteremkia, waliyoibuni wazimamoto wa Chicago mwaka 1878, ina hadithi tamu na imevunja vifundo vya miguu vingi.

Kwenye maji ndiko wengi wanakoanguka. Gari la lita 10,000, mipira ikitoa lita 1,000 kwa dakika, limekauka baada ya dakika 10. Halafu? Kisauni inategemea zaidi maji ya Baricho, Likoni ya Marere na visima vya Tiwi, Changamwe bomba la Mzima linalosafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka Tsavo. Kila mwenye ndoo anajua mifereji hiyo inavyonyamaza. Kwa hiyo bomba la barabarani la kuzimia moto lihesabiwe kuwa bahati, na kituo kiwe na maji yake: tangi la chini la ardhi lisilopungua ujazo wa magari kadhaa, kisima chenye pampu inayotumia jenereta au sola, na mifereji ya paa inayoshusha mvua ndani ya tangi hilo. Jaribio ni rahisi. Waambie wajaze gari tupu huku umeme wa mji umezimwa, nawe ushike saa.

Tuna bahari pia, na ni ajabu inavyosahauliwa. Pampu ya gari huvuta maji kutoka kina cha mita 7 hivi, mwisho wake 8. Kilindini, siku za bamvu, maji kujaa na kupwa hupishana zaidi ya mita 3. Gati au ngazi inayofaa kuvutia maji yakiwa yamejaa inaweza kuacha mpira ukining'inia juu ya tope saa sita baadaye. Kituo chenye akili kina orodha ukutani ya pahali pa kuvutia maji, yamejaa na yamekupwa, na kina bomba la maji baridi la kuoshea pampu mara tu gari linaporudi. Chumvi haina huruma.

Chumvi hiyo hiyo inakula jengo. Shika bawaba za milango, pitisha kidole chini ya fremu za madirisha. Chuma kiwe kimezamishwa kwenye zinki, si kupakwa rangi ya fedha. Angalia pembe za nguzo. Mstari mwembamba wa kahawia unaoteremka kutoka kwenye ufa maana yake ni kwamba nondo zimeshaanza kuvimba, ama kwa sababu zege lililozifunika ni jembamba, ama mchanga ulizolewa ufuoni bila kuoshwa. Karibu na bahari nataka milimita 50 za zege juu ya nondo. Hapa sibishani na mkandarasi anayelia bei.

California ina sheria tangu 1986 inayotaka vituo vya zimamoto vibaki vikifanya kazi baada ya tetemeko. Shabaha hiyo tuichukue, michoro yao tuwaachie, kwani maafa yetu ni maji ya masika na pepo za kusi na kaskazi. Sakafu ya banda iinuke juu ya barabara, mtaro usielekezwe langoni, paa lifungwe kwa ajili ya upepo, na jenereta ikae juu. Kwenye kinu cha nyuklia cha Fukushima mwaka 2011 walikuwa na jenereta za akiba nyingi. Nyingi zilikuwa chini, maji yakazifuata.

Changamwe inadai kitu kingine kabisa: povu. Hapo pana matangi ya Kipevu, kiwanda cha zamani cha kusafisha mafuta, uwanja wa ndege, na chanzo cha bomba lililoanza kusukuma mafuta kwenda Nairobi mwaka 1978. Sinai, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka bomba la namna hiyo yaliua watu zaidi ya 100. Kampuni zina wazimamoto wao ndani ya ua. Nje ya ua kuna mitaa ya Chaani na Magongo. Dawa ya povu ya asilimia 3 ikiwa lita 1,000 hutoa zaidi ya lita 33,000 za mchanganyiko, hivyo ghala lake si kubwa, lakini lazima liwe na kivuli, na pampu ya kupakia ili watu wasibebe madumu mgongoni. Uliza pia maji ya kuoshea yanakwenda wapi. Kama yanakwenda kwenye mikoko bila kupita shimo la kutenganisha mafuta, alama imepungua.

Mwaka 2022 wataalamu wa saratani wa Umoja wa Mataifa, IARC, waliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka. Gwanda lililotoka motoni lisining'inie karibu na kitanda wala jiko. Liwe na chumba chake chenye hewa, mashine ya kulifulia, na bafu katikati ya upande mchafu na upande safi. Wanawake wawe na vyumba vyao tangu mchoro wa kwanza, si stoo iliyobandikwa karatasi mlangoni.

Likoni naongeza boti. Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, feri ilizama na watu zaidi ya 270 wakafa. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likiwa na mama na mtoto, na likakaa chini ya maji karibu wiki mbili. Kituo cha Likoni kisicho na boti, vifaa vya kuzamia na trela lililofungwa tayari kuvutwa kimejengewa mji mwingine.

Wasanifu watakutajia kituo cha msanifu Zaha Hadid cha 1993, pale Weil am Rhein, Ujerumani. Ni kizuri kweli, kuta zake kama visu. Kilifanya kazi yake miaka michache, kisha kikawa ukumbi wa maonyesho.

Ukimaliza kuzunguka, omba daftari la zamu. Pawe na saa mbili zinazokubaliana, moja chumba cha simu na moja bandani, na safu tatu za kuandika: simu ilipoingia, gari lilipotoka, gari lilipofika. Safu ya tatu ndiyo huachwa tupu. Ukiikuta tupu kwa miezi, muulize mkuu wa zamu sababu, na usikubali kupelekwa kuonyeshwa ukumbi wa mikutano kwanza.