Njia Isiyoenea Mezani

Katika Kalemie ya utoto wangu, mji wa Kongo ulio kando ya ziwa, mtoto aliyetaka motoka alijitengenezea. Waya tuliuchomoa kwenye ua uliozeeka, bodi tukaikata kwenye kopo la sardini, magurudumu tukayachonga kwa kandambili zilizokwisha. Usukani ulikuwa fimbo ndefu, ili dereva akimbie amesimama wima nyuma ya gari lake. Mtoto hodari alipinda waya kwa vidole na meno, bila koleo. Hodari kupita wote alifanya magurudumu ya mbele yakate kona. Huyo tulimwita fundi, naye alikuwa na miaka tisa.

Kazi ile sijaiacha. Siku hizi naifanya kwa rula, kisu chembamba na gundi, na kila kipimo nakigawa kwa 24. Mtu wa sentimita 168 anakuwa na sentimita 7 kamili. Reli yetu, yenye upana wa milimita 1,067, inabaki na milimita 44 na ushee. Mabati ya paa nayatoa kwenye karatasi ya fedha ya pakiti za sigara: naikandamiza juu ya kitana chenye meno mapana mpaka mikunjo ijipange. Kisha inakuja sehemu ngumu, kuyazeesha. Bati linalong'aa halijanyeshewa mvua hata moja, na macho yanalitambua mara moja. Chai ya rangi iliyokolea huacha doa la kutu chini ya kila msumari. Vumbi la tofali, likipakwa kwa brashi kavu, huleta kiangazi ukutani. Masizi kidogo juu ya dirisha, na tayari kuna mama anayepika ndani.

Mji ninaoujenga ni Kalemie ya miaka ya 1950, ulipokuwa bado unaitwa Albertville, jina lililodumu hadi 1966. Reli ya kutoka Kabalo, kilomita 273, ilifika ziwani mwaka 1915, na tangu hapo mji ukaishi kwa honi na ving'ora: treni, meli, na kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilichosokota pamba na kuifuma. Nimelelewa na watu waliokuwa na saa hizo masikioni hata baada ya mashine kunyamaza. Jioni walisimulia ndagala waliopakiwa mabehewani, na meli za kwenda Kigoma kukutana na treni ya Dar es Salaam. Mimi sikuyaona hayo. Nimeyarithi, kama mtu anavyorithi shati la babu yake na kulikuta linamtosha mabegani.

Shauku ya namna hii haikuanzia kwetu. Huko Marekani, Michael Paul Smith alijenga kwa miaka mingi mji aliouita Elgin Park, wa kipimo hiki hiki cha 1 kwa 24, akikumbuka miji midogo ya utoto wake. Aliweka vijumba na vigari mezani nje ya nyumba, akavipanga sawasawa na miti na nyumba halisi za mbali, akapiga picha. Anayeitazama picha hiyo haoni meza inapoishia na dunia inapoanzia. Kwetu Kongo tulikuwa na Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga. Naye alijenga majengo madogo, kwa karatasi, kadibodi, makopo na vizibo vya chupa. Inasimuliwa kwamba watu wa makumbusho ya Kinshasa hawakuamini kwamba kazi ile ilitoka mikononi mwake, ikambidi atengeneze nyingine mbele ya macho yao, kisha wakamwajiri. Mwaka 1994 alikijenga kijiji chake kwa maghorofa na rangi ambazo hakijapata kuwa nazo. Mmoja alijenga alichokumbuka, mwingine alichowatakia watu wake. Wote wawili nawainamia.

Mimi nilidhani njia yangu ni ya Smith. Nilikuwa na kituo cha treni, ghala, na nyumba tatu zenye baraza. Asubuhi, jua linapopanda kutoka ziwani, nilitoa meza uani, nikapiga magoti jicho langu liwe sawa na dirisha la behewa, na kwa kitambo mji ule ulikuwa hai.

Siku moja nilimwita jirani, mzee aliyefanya kazi ya reli tangu ujana wake, miaka ile ile ya 1950. Alizunguka meza polepole. Akagusa paa, akanusa kidole. Akanionyesha kwamba mlango wa ghala ulifungukia upande mwingine. Halafu akasema: “Mutoto yangu, umejenga muzuri. Sasa njia yetu iko wapi?”

Njia ya sité, mtaa wa Waafrika. Wakati ule Waafrika walikaa kwao na Wazungu kwao, kwa amri, na usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea ovyo katika mitaa ya Wazungu. Mzee alitoka sité kabla ya mapambazuko, kwa miguu, kilomita moja na nusu mpaka kituoni, na jioni akairudia. Katika baraza nilizozipaka rangi kwa upendo, hakuwahi kukaa hata kwenye moja.

Nikachukua kalamu nikagawa. Mita 1,500 kwa 24 ni mita 62 na nusu. Meza yangu ina mita mbili.

Basi tukaipima chini, yeye akishika ncha ya kamba. Tulitoka mezani, tukavuka ua, tukapita jiko la nje na kisima, tukaomba ruhusa kwa jirani wa pili, tukafika kwenye mwembe wake. Hapo nimejenga nyumba ya nne: udongo, paa la nyasi, mlango wa sentimita 7 ambao mzee alisema ni mrefu mno, nikaupunguza. Katikati sikujenga kitu. Ufundi unaweza kupunguza nyumba, lakini njia ya mtu huyu nisingeikunja bila kumdhulumu.

Nilipomaliza, mzee alichuchumaa kwa shida chini ya mwembe, kichwa kikiwa usawa wa paa la nyasi, akatazama upande wa meza. Kituo kilionekana kidogo kama kiberiti, na nyuma yake mwanga ulikuwa unaanza.

“Ni vile,” akasema. “Ni vile nilikuwa nakiona.”