Tikiti la Mlimani na Namna ya Kulipima

Sokoni Kamembe, mji wa Rwanda, tikiti linalovuta macho ni lile linalobebwa kwa mikono miwili. Kama limepanda na gari kutoka Bugarama, sawa, lichukue. Lakini ukiambiwa limelimwa hapahapa juu, kwenye miteremko inayotazama Ziwa Kivu, ukubwa wake ndio jambo la kwanza la kulitilia shaka.

Shida ni joto. Uso wa ziwa uko mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na mji umekaa juu zaidi ya hapo. Bugarama, kule kwenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji, haifiki hata mita 1,000. Mteremko huo unaleta tofauti ya kama digrii nne. Kwa binadamu ni suala la sweta tu. Kwa tikiti ni suala la kuiva au kutoiva. Mmea huu una ndugu zake wa porini huko Kordofan, Sudan, na joto likishuka chini ya digrii 15 hivi unasimama tu, haufi wala haukui. Sasa piga hesabu ya juu juu: Kamembe wastani wa joto ni kama digrii 20, kwa hiyo mmea unapata tano za kufanyia kazi kila siku. Bugarama unapata karibu mara mbili yake. Sukari yote utakayoionja imetoka kwenye hizo digrii.

Wakulima wa Ulaya ya kaskazini nao wanalalamikia baridi, ila wao wakati wa kiangazi wana jua la saa 16. Sisi tuna saa 12, Januari hadi Desemba. Faida yetu ni moja: hatuna barafu inayokuja kuua mmea Oktoba. Tunaweza kungoja. Ndiyo maana tikiti zuri la mlimani ni tikiti la mtu mvumilivu, na unapolipima unampima yeye.

Mvumilivu huyo huanza na mbegu. Atachagua aina ndogo inayowahi, kama Sugar Baby, ambayo kwenye joto huiva kwa siku 75 hadi 80. Crimson Sweet, iliyotolewa Kansas mwaka 1963, ni tunda tamu sana lakini ni kubwa na linachelewa. Charleston Gray ya 1954 ni kubwa zaidi. Kupanda Charleston Gray juu ya Kamembe ni kutafuta picha, si kutafuta tunda. Kisha atapanga kalenda yake kwa kurudi nyuma: mvua za Septemba zisikute matunda shambani, kwa hiyo miche ianze kitaluni mwisho wa Aprili, na ihamie kwenye matuta mvua ya masika inapokatika. Matuta yainuliwe, yavikwe nailoni nyeusi, kwa sababu mzizi wa tikiti huchukia udongo baridi kuliko hewa baridi. Hiyo ni moja ya sababu za Wajapani na Wakorea kupandikiza tikiti juu ya shina la mung'unye au boga.

Na wasikwambie kwamba baridi na ubora havikai pamoja. Mji wa Toma uko Hokkaido, kisiwa cha Japani chenye kiangazi kifupi na theluji nyingi, na ndiko yanakotoka matikiti meusi ya Densuke. Mwaka 2019 moja liliuzwa mnadani kwa yen 750,000. Bei hiyo ni ya maonyesho, bila shaka, lakini tunda lenyewe si utani.

Haya, umesimama mbele ya fungu. Anza na tumbo. Geuza tikiti utazame pale lilipolalia ardhi: likiwa jeupe au kijani hafifu, lirudishe taratibu. Unatafuta njano ya samli, na ikiwezekana njano iliyokolea. Hii ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote kwa tunda la mlimani. Muuzaji anaweza kulifuta vumbi na kulipaka mafuta ling'ae, ila tumbo hana la kulifanya. Na kung'aa kwenyewe ni dalili mbaya: ganda lililoiva hufifia, likawa kama limepitiwa na unga mwembamba.

Umbo hukusimulia habari za nyuki. Ua jike la tikiti hufunguka asubuhi moja tu, na linahitaji kutembelewa na nyuki mara nyingi ili mbegu zote zipate chavua. Asubuhi ya ukungu na manyunyu, nyuki hatoki. Matokeo ni tunda lililokonda upande mmoja au lenye kiuno, na ukilikata mara nyingi moyo wake umepasuka ukaacha pango. Mkulima makini huamka akachavusha kwa mkono: hung'oa ua dume, huliondoa petali, halafu hupaka chavua kwenye kichwa cha ua jike. Tunda la duara kamili huku juu halikuja kwa bahati. (Kuna habari inayozunguka kwenye simu kwamba matikiti ya duara ni majike na marefu ni madume. Tunda halina jinsia. Ua ndilo lenye jinsia.)

Kupiga kwa kidole? Watu wanapenda, na mimi huwaacha wapige. Kwenye tikiti la Bugarama mlio mzito una maana. Tikiti la baridi huwa na ganda nene, na ganda nene huzima sauti, basi utasikia mlio mzito hata kwa bichi. Afadhali linganisha uzito: chukua mawili ya ukubwa mmoja, bakia na lililo zito.

Ukiruhusiwa kukata, usikimbilie moyo. Moyo wa tikiti ni mtamu hata kwa tunda la wastani, na wauzaji wanajua, ndiyo maana kipande cha kuonja hutoka hapo. Omba kipande kinachofika hadi gandani, uanze kula kutoka ndani kwenda nje. Tunda bora hubaki tamu hadi karibu sana na weupe. La kati hugeuka maji ya tango nusu ya njia. Tazama na mbegu: ziwe nyeusi au kahawia iliyokolea, si nyeupe na laini. Na lisiwe limetoka kwenye friji, maana ubaridi huficha uhaba wa sukari.

Atakayekwambia "mama, liweke nyumbani siku tatu, litaiva," anakuuzia matumaini. Tikiti halina wanga wa kugeuza kuwa sukari kama ndizi; likikatwa kwenye mtambaa, utamu umefungwa hapo. Rangi inaweza kukolea kidogo, basi.

Ukipata nafasi ya kufika shambani, tafuta kijikamba kilichojisokota pale kikonyo kinapotokea. Kikauke chote hadi kwenye shina. Ncha pekee haitoshi. Kisha muulize mwenye shamba: ua la tunda hili lilifunguka lini? Akisema "mwezi uliopita hivi", nunua kwa tahadhari. Kwenye joto Sugar Baby hutosheka na wiki tano tangu ua. Huku juu mpe sita hadi saba. Wanaojua kazi hufunga uzi kwenye kikonyo siku ile ile ya kuchavusha, rangi moja kwa kila wiki, na wiki ya mwisho hupunguza maji. Ukiona nyuzi, usibishane sana bei.