Breton Alikitazama Kutoka Juu

Saint-Cirq-Lapopie ni kijiji cha zama za kati kilichojengwa ukingoni mwa jabali, juu ya mto Lot, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mshairi André Breton alikiona mwaka 1950, akanunua nyumba, akawa anarudi kila kiangazi. Aliandika kwamba baada ya kukiona aliacha kutamani kuwa kwingine. Wanaokitangaza kijiji hawachoki kuirudia kauli hiyo.

Mimi nina ugomvi nayo. Ni tamu, lakini inamhusu Breton kuliko inavyokihusu kijiji. Kutotamani kwingine ni rahisi kwa mtu anayekuja kiangazi na kuondoka.

Teremka mtoni uifuate njia ya Ganil. Katika karne ya 19 jabali la chokaa lilichimbwa ubavuni, likaachwa kama paa juu ya kichwa, ili wavutaji wapite na kamba wakizikokota mashua za mizigo. Nilipita hapo na begi dogo tu mgongoni, na bado nililalamika. Mwenye kamba begani angeandika nini? Na kule juu, kwenye vichochoro vinavyopigwa picha sana, mafundi walikuwa wakikereza mbao, wakitengeneza bilula za mapipa. Hao nao hawamo katika kauli ile.

Mwaka 2012 watazamaji wa televisheni walikichagua kuwa kijiji kinachopendwa kuliko vyote Ufaransa. Sishangai. Simu yangu ina picha arobaini nilizopiga kutoka juu. Ya njia ya mtoni ni moja, tena imetoka na giza.